Kima Punju: Hesabu Kubwa, Msitu Mdogo

Kwa miaka mingi, waliokuwa wakifuatilia maisha ya kima punju kisiwani Unguja waliamini kwamba wanyama hao hawafiki elfu mbili kwa jumla. Kisha ikafanyika sensa ya kwanza iliyokusudia kumtafuta kila mahali anapoweza kuishi, si katika msitu wa Jozani peke yake bali pia katika vichaka vya maweni, mikokoni na mashambani, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2019 yakaonyesha kima 5,862 katika makundi 342. Hesabu ilipanda karibu mara tatu, lakini haikupanda kwa sababu kima wamezaana. Wengi wa waliohesabiwa walikuwapo siku zote. Ni macho ya wahesabuji ndiyo yaliyokuwa hayajafika walipo.

Habari kama hiyo humfurahisha mtu, nami ilinifurahisha. Hata hivyo, kima punju ameendelea kubaki katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na msomaji ana haki ya kuuliza inakuwaje mnyama ambaye idadi yake imeonekana kuwa kubwa mara tatu ya ilivyodhaniwa aendelee kuitwa mnyama wa hatarini. Jibu halimo katika hesabu yenyewe. Limo katika mahali wanapoishi kima hao, katika chakula wanachokula na namna wanavyokimeng'enya, katika mnazi wa mkulima wa Pete, kijiji jirani na Jozani, na katika kichaka cha mawe ambacho watu wengi wakikipita barabarani hukiona kuwa ni pori tupu.

Kima punju ni mbega mwekundu, na hapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Jina lake la kisayansi, Piliocolobus kirkii, limetokana na John Kirk, mwakilishi wa Uingereza mjini Zanzibar katika karne ya 19, na wataalamu wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1868. Kabla ya hapo alikuwa akijulikana vizuri na watu wa Unguja, ambao hawakuhitaji mtu wa kuwaonyesha. Ana mgongo wenye rangi ya kutu inayogeuka kuwa nyeusi mabegani na mikononi, tumbo jeupe, uso mweusi wenye waridi puani na midomoni, na nywele ndefu nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso huo. Wataalamu waliopima mafuvu yake wamekuta kwamba ni madogo kuliko ya mbega wekundu wa bara, jambo linalowatokea mara nyingi wanyama waliotenganishwa na jamaa zao na kufungika kisiwani kwa maelfu ya miaka, tangu bahari ilipopanda na kuikata Unguja kutoka pwani ya Afrika.

Kama mbega wengine, hana kidole gumba cha kufaa. Lipo kovu tu mahali ambapo gumba lingekuwapo, na mkono wake ni kama ndoano ya vidole vinne inayomwezesha kupita haraka matawini. Lakini kiungo kinachoyatawala maisha yake ni tumbo. Limegawanyika vyumba vinne, karibu na lilivyo la ng'ombe, na ndani yake bakteria huyachachusha majani ili mnyama apate nguvu kutokana na chakula ambacho wewe na mimi tungekila kutwa nzima bila kushiba. Tumbo la namna hiyo lina masharti yake. Tunda lililoiva lenye sukari nyingi huchacha haraka mno humo, na kwa hiyo kima punju hula majani machanga, machipukizi, maua na matunda mabichi, na huyaacha yaliyoiva. Mgeni anayemnyooshea ndizi akidhani anamfanyia wema anamtilia tumboni kitu ambacho tumbo hilo halikuumbwa kukipokea.

Mnyama wa majani machanga hawezi kutegemea mti mmoja au aina moja ya mti. Mti huchipua kwa wakati wake: mwingine baada ya masika, mwingine vuli, mwingine huchipua kidogo kidogo mwaka mzima. Kundi la kima thelathini au arubaini linahitaji miti ya aina nyingi iliyotawanyika katika eneo pana, ili kila mwezi pawe na mahali penye chipukizi. Hapa ndipo hesabu ya kima inapoachana na hesabu ya msitu. Msitu ukikatwa nusu, kima hawafi nusu siku hiyo. Huhamia nusu iliyobaki, wakabanana na waliokuwapo, wakala hata majani waliyokuwa wakiyapuuza, na kwa miaka kadhaa mtu akipita na daftari atawahesabu wote. Kinachopungua kwanza ni watoto. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja na humlea muda mrefu kabla ya kuzaa tena. Akikosa lishe, huchelewa kushika mimba, au mtoto hunyonya maziwa hafifu na hafiki utu uzima. Kima wakubwa wanaendelea kuonekana mitini, na kundi linaonekana kuwa zima, huku ndani yake likizeeka. Sensa iliyotupa ile hesabu kubwa ndiyo pia iliyoeleza kwamba watoto wanaonusurika ni wachache, na kwamba kima wengi wanaishi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa. Magazeti yaliishika namba. Mambo haya mawili hayakusikika sana, nayo ndiyo yanayohitaji ufafanuzi.

Kabla ya kufika huko, lazima tulizungumzie jina, kwa sababu jina limemgharimu mnyama huyu. Punju, kwa wazee wa Unguja, ni sumu. Ilisemwa kwamba kima huyu ana harufu mbaya, kwamba mti anaoula hufa, na kwamba shamba analoingia hupata nuksi. Wako watakaoicheka imani hiyo, nami sioni sababu ya kuicheka, kwa kuwa ndani yake kuna jambo lililoonwa kwa macho. Mti unaovuliwa majani machanga kila siku na kundi kubwa lisilokuwa na mahali pengine pa kwenda hudhoofika, na mwingine hufa kweli. Mkulima aliyeona mwembe wake umekauka baada ya kima kuukalia miezi mingi hakuota ndoto. Alichokosa ni nusu ya pili ya habari: kwamba kundi lile lisingeng'ang'ania mwembe mmoja kama msitu uliokuwa nyuma ya shamba ungekuwa bado umesimama.

Habari ya sumu ina upande mwingine unaoshangaza zaidi. Miti mingi hujilinda dhidi ya walaji kwa kuweka kemikali kali katika majani yake. Majani ya mwembe na ya mkungu yana protini nyingi, na ni chakula kizuri kwa mbega, lakini yana pia kemikali hizo kwa wingi. Kima punju wanaoishi karibu na mashamba na nyumba za watu wamepata njia ya kukabiliana nazo: hula mkaa. Huuokota kwenye magogo na visiki vilivyoungua na kwenye mabaki ya matanuri ya mkaa, wakautafuna kwa utulivu kama mtu anayekula karanga. Thomas Struhsaker, mtaalamu wa nyani na mbega aliyewachunguza kwa miaka mingi, alichapisha na wenzake mwaka 1997 matokeo ya vipimo vilivyoonyesha kwamba mkaa huo una uwezo mkubwa wa kunasa kemikali hizo, ambazo zikishanaswa hupita tumboni bila kudhuru. Ndiyo kazi ile ile ambayo mkaa hufanya hospitalini mtu anapomeza sumu. Inaelekea kwamba watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao, na kwa hiyo desturi hiyo ni ya makundi yanayoishi karibu na watu.

Basi kima ambaye jina lake ni sumu ndiye bingwa wa kuiondoa sumu. Kwa uwezo huo ameweza kuishi mashambani mahali ambapo mbega mwingine angeshindwa, na uwezo huo ndio uliomleta mbele ya mkulima.

Ugomvi mkubwa wa mkulima na kima punju ni nazi. Ili kuuelewa, ni lazima tukumbuke namna mnazi unavyozaa. Kutoka kwenye upunga hutoka vidaka vingi, vidogo kama ngumi ya mtoto. Kidaka hukua kuwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, na koroma hukomaa ikawa nazi. Anayetunza minazi anajua kwamba vidaka vingi havifiki mbali. Mnazi wenyewe huviangusha, kwa sababu hauna nguvu ya kuvilisha vyote. Kima punju hula vidaka. Nazi iliyokomaa haimfai. Mkulima anayeamka asubuhi na kukuta vidaka vilivyotafunwa vimetapakaa chini ya mnazi hufanya hesabu ya haraka: kila kidaka ni nazi moja aliyoipoteza, na kila nazi ina bei yake sokoni Mwanakwerekwe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na Kirstin Siex pamoja na Struhsaker uliifuata hesabu hiyo hadi mwisho, kwa kulinganisha minazi ambayo kima waliila sana na ile waliyoila kidogo, kisha kuhesabu nazi zilizovunwa. Matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa. Mahali ambapo kima walikula vidaka zaidi, mavuno ya mwisho hayakuwa madogo; yalielekea kuwa makubwa. Watafiti walitoa maelezo yanayoeleweka na mkulima yeyote aliyewahi kupunguzia miche: vidaka vikipunguzwa mapema, vilivyobaki hupata chakula zaidi na vichache kati yake huanguka. Kima alikuwa akifanya kazi ambayo mnazi wenyewe ungeifanya baadaye.

Nimewahi kuona matokeo hayo yakitumiwa kama fimbo ya kumchapia mkulima, kana kwamba malalamiko yake yote yamekwisha kubatilishwa. Hilo si haki. Utafiti ule ulihusu nazi. Haukuhusu mwembe uliokauka, wala majani ya kunde, wala mihogo. Pia ni kawaida hasara ya kima mmoja kuandikwa katika daftari la mwingine. Unguja ina kima wa kawaida, yule wa rangi ya kijivu na nyeusi, ambaye hula ndizi, mahindi na matunda yaliyoiva, na ambaye ni mharibifu shambani kuliko punju. Mkulima aliyepoteza ndizi hapati faida yoyote kwa kuambiwa kwamba aliyezila ni wa jamii nyingine. Anachohitaji ni mpango unaomfidia na kumsikiliza, na katika Unguja mpango wa aina hiyo umekuwapo: tangu miaka ya 1990, wenye mashamba yanayopakana na Jozani walijiunga katika umoja wao, UWEMAJO, na sehemu ya fedha zinazolipwa na watalii ikawa inarudi kwao na kwa shehia za jirani. Mkulima aliyekuwa akimfukuza kima kwa mawe alipata sababu ya kumwacha akae.

Kwa upande wa uwindaji, kima punju ana nafuu ambayo mbega wekundu wengi wa Afrika hawanayo. Huko Kongo na Afrika Magharibi, mbega wekundu ni nyama, na bunduki inawamaliza hata pale ambapo msitu bado upo. Katika kisiwa cha Waislamu, nyama ya kima haipikwi. Wako waliouawa kwa kuonekana waharibifu, na mitego na mbwa vimetumika, lakini katika Unguja jambo linaloamua uhai wa mnyama huyu ni mti kuliko risasi. Kwa hiyo tuutazame mti.

Anayetaja msitu wa kima punju hutaja Jozani, na Jozani inastahili sifa zake. Iko katika bonde ambako maji ya ardhini yanakaribia usoni mwa nchi, hata wakati wa masika sehemu yake hujaa maji, na kwa unyevu huo miti kama mitondoo, mifuu na michikichi imeota ikawa mirefu kwa namna isiyoonekana kwingine kisiwani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, ikiwa na kilomita za mraba 50 hivi zinazounganisha msitu huo na mikoko ya ghuba, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya hifadhi za baiolojia. Bila Jozani, nina yakini kwamba tungekuwa tunamzungumzia kima punju kwa wakati uliopita.

Lakini msitu wa miti mirefu ni sehemu ndogo tu ya makazi yake. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni maweni: mawe ya matumbawe ya kale, makali kama wembe, yenye mifuko midogo ya udongo katika mianya yake. Juu ya mawe hayo huota kichaka kizito cha miti mifupi yenye majani magumu, kinachostahimili ukame na upepo wa chumvi. Hakipendezi katika picha, hakuna mtalii anayelipa kiingilio ili akione, na kwenye ramani za wawekezaji hutokea kama eneo lililo wazi. Humo ndimo yaishimo makundi mengi ya kima punju ambayo makadirio ya zamani hayakuyafikia.

Kwa watu wa vijiji vya Kusini na Mashariki, maweni hayajapata kuwa pori tupu. Kutoka humo hutoka kuni, mkaa, fito na boriti za kujengea, dawa za mitishamba na asali. Humo hulimwa mtama, kunde na mihogo katika ile mifuko ya udongo, kwa kukata kichaka, kukichoma, kupanda misimu michache, kisha kukiacha kijirudie. Humo pia hupatikana mawe ya chokaa pamoja na kuni za kuyachomea, na tanuri moja la chokaa linakula magogo mengi kabla mawe hayajageuka unga. Zamani mzunguko huo ulikuwa na pumzi: kichaka kilichokatwa kiliachwa miaka mingi, na kima walihamia upande mwingine wakarudi majani yaliporudi. Kilichobadilika ni urefu wa pumzi hiyo. Sensa ya watu na makazi ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Watu hao wanapika, na wengi wanapika kwa kuni na mkaa. Wanajenga, na ujenzi unataka chokaa, mawe na miti. Juu ya hayo ukanda wa pwani ya mashariki umejaa hoteli, bei ya ardhi imepanda, na kichaka kilichokuwa kikirudi kila baada ya miaka kadhaa sasa kinawekewa ukuta na hakirudi tena.

Hivi ndivyo inavyotokea hali ambayo Siex aliichunguza kwa undani na ambayo naona ndiyo fundo kuu la habari hii: msongamano. Kima wanaofukuzwa na shoka na moto katika maweni hukimbilia mahali penye majani, na kandokando ya Jozani pana mashamba ya miembe, mikungu na minazi yenye majani mengi na mkaa karibu. Hapo hukusanyika kwa wingi kupita kiasi. Mgeni anayeshuka kwenye gari karibu na lango la hifadhi huwaona kwa makumi, wakiwa wamezoea watu, wakiruka karibu na kamera yake, naye huondoka akiwa na yakini kwamba kima punju wamejaa tele. Alichokiona ni wakimbizi waliobanana. Makundi ya namna hiyo huimaliza miti inayoyalisha, na afya yake hutegemea uamuzi wa wenye mashamba wachache tu: siku mmoja wao akiamua kukata miembe yake na kujenga, au kuuza kiwanja, kundi zima linakosa mahali pa kulala. Sensa ikifanywa mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, hesabu itatoka nzuri.

Tena mashamba hayo yanapakana na barabara kuu ya kutoka mjini kwenda Paje na Makunduchi, inayopita katikati ya makazi yao. Kima huivuka kila siku kufuata chakula upande wa pili, na wengi waligongwa na magari yanayokimbiza wageni pwani. Matuta manne yalipojengwa, vifo vilipungua. Kima aliyekuwa akiuawa kila baada ya wiki mbili au tatu akawa anauawa mmoja katika wiki sita hivi. Ni faida kubwa kwa saruji kidogo, ingawa kwa mnyama anayezaa polepole kiasi hiki, hata hao wa kila wiki sita ni wengi.

Lilijaribiwa pia jambo la kuwahamisha. Katika miaka ya 1970 kima wachache walichukuliwa kutoka Unguja wakaachiliwa katika msitu wa Ngezi kisiwani Pemba. Uzao wao ungalipo, lakini baada ya miongo kadhaa bado ni wachache mno kiasi cha kuhesabika kwa urahisi. Kumbeba mnyama hadi kwenye msitu mwingine si sawa na kumpa msitu.

Mahali pengine panapostahili kutajwa ni mikokoni. Katika kisiwa cha Uzi, ambacho kwa miaka mingi kilifikiwa kwa kupita kati ya mikoko maji yanapokupwa, na pembezoni mwa Ghuba ya Chwaka, kima punju huingia katika mikoko wakala majani na maua yake. Mkoko hauna uhaba wa majani mwaka mzima, lakini una chumvi, na kima wa huko wameonekana wakinywa maji mara nyingi, wakiyalamba kwenye majani na kwenye mashimo ya miti, ilhali mbega wengi hutosheka na unyevu wa majani wanayokula. Mikoko hii ilivunwa kwa karne nyingi, boriti zake zikasafirishwa kwa majahazi hadi Oman na nchi za Ghuba kuezekea nyumba, na leo hukatwa kwa kuni na mkaa. Kwa kima aliyefukuzwa kichakani, mikoko ndiyo kimbilio la mwisho kabla ya bahari.

Ni nini kinachofanywa? Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ilifungua njia kwa jamii kuusimamia msitu wao kwa mkataba na serikali, na mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioendeshwa kuanzia mwaka 2010 kwa fedha za Norway, ulieneza mikataba hiyo katika shehia nyingi. Kila shehia iligawa ardhi yake: hapa pasikatwe kabisa, hapa pakatwe kwa kibali, hapa palimwe. Wazo ni zuri, na mahali ambapo sheha na kamati wanaheshimiwa limefanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba kulifunga eneo moja hakupunguzi njaa ya mji kwa mkaa. Mchomaji aliyezuiwa katika shehia yake huvuka mpaka, au mkaa huagizwa kutoka Tanzania bara, na msitu wa mwingine hulipa deni. Pia faida ya utalii haimwagiki kwa usawa. Kijiji kilicho karibu na lango hupata mgao, ajira na soko. Kijiji kilicho upande wa pili wa hifadhi, ambacho kimefungiwa kichaka chake hicho hicho, hakipati mgeni hata mmoja. Mtu aliyeambiwa asikate kuni bila kuonyeshwa atapika kwa nini hajapewa sababu ya kuulinda msitu, na sioni namna ya kumlaumu. Jiko la gesi lenye bei anayoiweza mama wa vijiji vya Charawe au Ukongoroni lina nafasi katika uhifadhi wa kima punju sawa na askari wa hifadhi.

Mbega wekundu kwa jumla ndio jamii ya kima iliyo katika hatari kubwa kuliko zote barani Afrika. Yule wa Mto Tana, nchini Kenya, amebaki katika vipande vya msitu kandokando ya mto. Yule aitwaye wa Miss Waldron, aliyekuwa akiishi Ghana na Côte d'Ivoire, hakuna mtaalamu aliyethibitisha kumwona hai tangu mwaka 1978. Kati ya ndugu zake hao, kima punju ndiye mwenye nafasi nzuri, kwa sababu haliwi, anajulikana, analeta fedha, na anaishi na watu ambao wengi wao wamekwisha kumzoea. Nafasi hiyo hupimwa kwa ardhi. Kati ya Jozani na msitu wa Kiwengwa-Pongwe ulioko kaskazini, na kati ya Jozani na vichaka vya kuelekea Muyuni na Jambiani, bado kuna shoroba za maweni ambazo kima anaweza kuzipitia bila kugusa lami wala ukuta. Zimekwisha kujulikana na kuchorwa kwenye ramani. Kila kiwanja kinachouzwa ndani yake huzikata, na zikikatika makundi ya kila upande yatazaliana yenyewe kwa yenyewe hadi yachoke.

Ningependa sensa ijayo ya kima punju, itakapofanywa, ianze kwa kuhesabu watoto waliovuka mwaka wa kwanza katika kila kundi, na iandike kando ya kila kundi jina la shehia na aina ya ardhi linayolala: msitu, mkoko, maweni au shamba la mtu. Jumla inaweza kuja mwisho.